Madiwani watatu kati ya 270, na meya akatoka kwao

Swali: Mdogo wangu anaishi Johannesburg na ni raia wa huko, kwa hiyo hupiga kura. Anasema mwaka 2021 alipewa karatasi mbili za kuchagua baraza la jiji: moja ya mgombea wa kata, nyingine ya chama. Chama chake kilishindwa katika kata yake lakini kikapata madiwani barazani. Baadaye meya akatoka katika chama chenye madiwani watatu tu. Je, huo ndio uwakilishi wa uwiano unavyofanya kazi? Si heri wangeacha kata peke yake, anayeongoza ndiye achukue?

Jibu:

Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili kana kwamba ni moja, na karibu kila anayelalamikia siasa za Johannesburg hufanya hivyo hivyo. Hesabu ya uwiano ilikipa chama kile madiwani watatu, na kwa kura zake kilistahili watatu. Umeya haukutoka kwenye hesabu hiyo. Ulitoka chumbani, kwa makubaliano ya vyama vikubwa ambavyo kila kimoja kiliona afadhali kiti kikaliwe na mtu asiye na jeshi nyuma yake kuliko kikaliwe na mshindani. Nitaanza na hesabu, kwa sababu ukishaiona yenyewe hutaisingizia tena.

Katiba ya Afrika Kusini inataka uchaguzi wa mabaraza ya miji ulete uwiano kwa jumla, yaani viti vya kila chama viendane na kura zake, na sheria ya mwaka 1998 kuhusu miundo ya mabaraza hayo ndiyo inayotoa kanuni. Katika majiji makubwa, ambayo ni manane, nusu ya madiwani hutoka katika kata na nusu nyingine katika orodha za majina ambazo vyama hupanga kabla ya uchaguzi. Johannesburg ina madiwani 270: 135 wa kata, 135 wa orodha. Katika kata, mwenye kura nyingi kuliko wenzake hushinda, hata akiwa hana nusu ya kura. Mpaka hapo hakuna jipya kwa mtu wa Afrika Mashariki.

Jipya ni kwamba karatasi zote mbili za mdogo wako zinaingia katika kapu moja. Kura aliyompa mgombea wa kata wa chama fulani huhesabiwa mara ya kwanza kumpata diwani wa kata, kisha huhesabiwa tena pamoja na kura za orodha ili kujua chama hicho kinastahili viti vingapi katika baraza zima. Ndiyo maana chama chake kilishindwa katani na bado kura yake ya kata haikupotea.

Chukua baraza dogo la kubuni lenye viti 20, kumi vya kata na kumi vya orodha. Kura halali za vyama, ukijumlisha karatasi zote mbili, ni 100,000. Unazigawa kwa viti 20, unaongeza moja, unapata 5,001. Hiyo ndiyo bei ya kiti kimoja. Chama A kina kura 46,000, B kina 31,000, C kina 14,500, D kina 6,000 na E kina 2,500. Gawanya kila kimoja kwa 5,001 uchukue namba nzima tu: A viti 9, B viti 6, C viti 2, D kiti 1, E hakuna. Jumla ni 18, vimebaki viwili. Hivyo hupewa vyama vyenye baki kubwa zaidi. C amebakiwa na karibu sehemu 0.9 ya bei, E amebakiwa na kidogo tu chini ya nusu, na wengine wamebakiwa na 0.2 hivi. Kwa hiyo C anafika viti 3, na E, ambaye hakuwa na kura za kununua hata kiti kimoja kizima, anapata 1.

Sasa ndipo kata zinapoingia. Tuseme katika kata kumi A ameshinda saba na B tatu. A anastahili 9, ana 7 tayari, basi kutoka orodha anaongezewa 2 tu. B anaongezewa 3. C, D na E hawana kata hata moja, kwa hiyo wanapata viti vyao vyote kutoka orodha: 3, 1 na 1. Viti kumi vya orodha vimekwisha.

Watu wengi hata ndani ya Afrika Kusini hudhani viti vya orodha hugawanywa peke yake, kwamba mwenye asilimia 46 ya kura za orodha huchukua asilimia 46 ya viti 135 juu ya kata alizoshinda. Sivyo. Orodha ni ya kusawazisha. Chama kilichozoa kata nyingi hupata kidogo kwenye orodha, na kilichokosa kata hufidiwa huko. Ikitokea chama kimeshinda kata nyingi kuliko stahili yake yote, kinabaki nazo, hakipewi kitu kwenye orodha, na viti vilivyobaki hugawanywa upya kwa wengine. Baraza haliongezwi ukubwa.

Tazama tena baraza letu la viti 20. Ili kuongoza unahitaji wengi, yaani viti 11. A akiungana na C wana 12, wametosha. Lakini A na C wakigombana, A na D na E wanafika 11 kamili. Na B, C, D na E wakiungana, wao pia wanafika 11 kamili. Chama E chenye kura 2,500 kati ya 100,000 kinahitajika upande huu na kinahitajika upande ule. Hakikuiba kitu. Kina kiti kimoja kwa asilimia 2.5 ya kura, jambo ambalo ni haki kabisa. Uzito wake umetokana na A na C kukataa kukaa pamoja.

Hiyo ndiyo Johannesburg ya Novemba 2021, kwa namba kubwa zaidi. ANC, chama cha Mandela, kilipata viti 91; DA, mpinzani wake mkubwa, 71; ActionSA 44; EFF, chama cha mrengo wa kushoto, 29; Patriotic Alliance 8; IFP 7. Al Jama-ah, chama kidogo chenye mizizi yake katika jamii ya Waislamu, kilipata 3. Vyama vilivyoingia barazani vilikuwa 18, vingine na diwani mmoja mmoja. Wengi hapo ni viti 136. Jumlisha upendavyo: ANC na EFF ni 120, hawafiki. DA na ActionSA ni 115, hawafiki. ANC na DA wangefika 162 na kuongoza wakiwa wametulia, lakini wakati huo hakuna kati yao aliyetaka kuwaeleza wapiga kura wake ndoa ya namna hiyo.

Basi yakafuata yale yaliyomshangaza mdogo wako. Novemba 2021 Mpho Phalatse wa DA akachaguliwa meya, akisaidiwa na kura za EFF ambayo haikuwa na mkataba wowote naye. Kura zisizo na mkataba huondoka bila taarifa. Septemba 30, 2022 akaondolewa, akaingia Dada Morero wa ANC. Haukupita mwezi, mahakama ikasema kikao kile kilikuwa batili na Phalatse akarudi. Januari 2023 akaondolewa tena. Hapo ANC na EFF, pamoja na vyama vidogo vilivyowafuata, wakampa umeya Thapelo Amad wa Al Jama-ah. Alijiuzulu Aprili. Mwezi Mei akaingia Kabelo Gwamanda, wa Al Jama-ah vilevile, akakaa mpaka Agosti 2024, akarudi Morero.

Waswahili husema vita vya panzi furaha ya kunguru. Hapa panzi ndio walikuwa wakubwa, na walijua wanachokifanya. Meya mwenye madiwani watatu hawezi kuwatisha waliomweka, kwa sababu asubuhi wakimgeuka jioni ameshaondoka. Kwa ANC ilikuwa afadhali huyo kuliko meya wa EFF. Kwa EFF afadhali huyo kuliko meya wa ANC. Mkazi wa jiji anayesubiri maji na taa za barabarani alipata meya asiye na nguvu ya kumwamuru yeyote, na hilo ni kosa la kisiasa la vyama vyenye majina tunayoyajua.

Halikuanzia Johannesburg. Katika Nelson Mandela Bay, jiji jingine la Afrika Kusini, baraza la viti 120 lilimwondoa Athol Trollip wa DA Agosti 2018 na kumweka Mongameli Bobani wa UDM, chama kilichokuwa na madiwani wawili. Waliofuatilia wakati ule hawakushangaa sana yalipofika Johannesburg.

Ukitaka ushahidi kwamba hesabu si mkosaji, nenda Cape Town. Sheria ni ileile, karatasi mbili zilezile, kanuni ileile mpaka nukta ya mwisho. Mwaka 2006 hakuna chama kilichopata wengi pale: baraza lilikuwa na viti 210, DA ikiwa na 90 na ANC 81. Helen Zille wa DA akawa meya kwa kuunganisha vyama saba, akaponea majaribio ya kumng'oa, na muhula ukaisha DA ikiwa bado inaongoza. Wapiga kura waliona utawala huo, na mwaka 2011 wakaipa DA zaidi ya nusu ya kura peke yake. Tangu hapo haijahitaji mshirika. Kwa hiyo kanuni ileile imezaa muungano uliodumu, imezaa chama kimoja chenye wengi, na imezaa mameya wa kupokezana kama kijiti. Kitu kinachotoa matokeo matatu tofauti namna hiyo si sababu ya hata moja kati yake.

Sasa nije kwenye pendekezo lako la kata peke yake. Ninalielewa. Diwani wa kata unajua nyumba yake ilipo, na serikali ya chama kimoja hujulikana siku ya kutangaza matokeo. Lakini kumbuka ramani ya Johannesburg ilichorwa na nani. Kwa miongo ya ubaguzi, sheria ilimwambia kila mtu akae wapi kwa rangi yake. Soweto ya watu weusi na Sandton iliyokuwa ya Wazungu hazikutokea kwa bahati. Ukichukua kata peke yake juu ya ramani ile, unapata baraza lenye madiwani wa ANC kwa wingi kutoka vitongoji vya watu weusi na madiwani wa DA kutoka vitongoji vya zamani vya Wazungu, kila upande ukionekana kwao ni wa chama kimoja. Mwanachama wa DA wa Soweto hana diwani. Mwanachama wa ANC wa Sandton hana diwani. Chama kipya kilichoenea kila mahali kwa asilimia 15 kinaweza kukosa kiti hata kimoja, kwa kuwa kila kata kimekuwa cha pili au cha tatu. Waandishi wa mfumo huu walikuwa na hilo akilini. Kabla yake, katika uchaguzi wa mpito wa miaka ya 1990, kata zilikuwa asilimia 60 ya viti na orodha 40, na sehemu kubwa ya kata ilitengwa kwa maeneo yaliyokuwa ya Wazungu, Wahindi na machotara. Ilikuwa bei ya amani. Desemba 2000 ndipo utaratibu wa sasa ulipotumika kwa mara ya kwanza.

Na kama unadhani hofu ya kata kuzoa kila kitu ni ya Afrika Kusini tu, New York iliionja kabla. Mwaka 1935 jiji lile lilichagua madiwani kwa kata, na chama cha Democratic kwa theluthi mbili ya kura kikachukua viti 62 kati ya 65. Wakazi wakapiga kura ya maoni mwaka uliofuata, wakaingiza uwiano wa aina nyingine kabisa, ule wa mpiga kura kuwapanga wagombea kwa namba: 1 kwa ampendaye zaidi, 2 kwa anayefuata. Mwaka 1937 chama kilekile kikapata karibu nusu ya kura na nusu ya viti, 13 kati ya 26. Adam Clayton Powell Jr. akawa mtu mweusi wa kwanza katika baraza hilo jipya mwaka 1941. Wakomunisti wawili nao wakaingia kwa kura zao halali, na vita baridi vilipoanza hicho ndicho kilichokuwa kisu cha wapinzani wa mfumo. Ulifutwa mwaka 1947. Uchaguzi uliofuata, mwaka 1949, Democratic kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura walichukua viti 24 kati ya 25. Utulivu ulikuwepo, ndiyo. Upinzani ulikuwa mtu mmoja.

Kuna wanaokubali uwiano lakini wanataka kizingiti: chama kisichofika asilimia fulani ya kura kisipate kiti. Johannesburg haina kizingiti cha sheria. Kiti kimoja kati ya 270 ni kama asilimia 0.37 ya kura, na kwa ile kanuni ya baki kubwa hata nusu ya hapo inaweza kutosha. Nakubali kwamba ni rahisi mno. Diwani mmoja wa chama cha mtu mmoja, katika baraza lililokatika katikati, ana kishawishi cha kujiuza, na si wote wanaokishinda. Kizingiti cha asilimia 1, ambacho kimekuwa kikitajwa sana, si wazo baya.

Ila lifanyie hesabu kabla hujalishangilia. Asilimia 1 ya viti 270 ni viti 2.7. Vyama vya Johannesburg vilivyopata kiti kimoja au viwili mwaka 2021, vyote kwa pamoja, vilikuwa na takriban viti 10. Viondoe, vigawe kwa waliobaki kwa uwiano: ANC inatoka 91 kwenda kwenye 94 au 95. Bado iko mbali na 136. Na Al Jama-ah, kwa viti vitatu, yaani asilimia 1.1 ya baraza, ingekuwa ukingoni kabisa, pengine ndani. Ukitaka kizingiti kitakachoifuta, panda kwenye 2 au 3, na hapo unaanza kuwafuta watu wengi ambao hawakufanya kosa lolote zaidi ya kukipenda chama kidogo.

Mimi ningeanza kwingine, kwenye kanuni za baada ya kuhesabu. Sheria inataka baraza jipya likutane ndani ya siku 14 tangu litangazwe kuchaguliwa, na kikao hicho cha kwanza ndicho kinachochagua spika na meya. Vyama 18 kusoma sera za wenzao, kupatana na kuandika mkataba ndani ya wiki mbili ni muujiza, na kilichotokea 2021 kilionyesha hivyo: watu walipigiwa kura ambazo hata wao hawakuzitarajia. Kisha kumwondoa meya ni rahisi. Wengi wa kura barazani hutosha, wala anayeleta hoja halazimiki kusema nani atafuata. Linganisha na Ujerumani, ambako Bunge haliwezi kumwondoa kansela bila kumchagua mrithi wake kwa kura hiyohiyo. Kanuni kama hiyo ingezuia miungano inayokubaliana jambo moja tu, kwamba huyu aondoke. Ongeza sharti kwamba mkataba wa muungano uandikwe na utangazwe hadharani, ili kila mpiga kura ajue chama chake kimeahidi nini na kwa nani. Hakuna hata moja kati ya haya linalogusa namna viti vinavyogawanywa.

Sina hakika vyama vikubwa vina hamu nayo. Chama kinachoamini kitapata wengi peke yake uchaguzi ujao hakioni sababu ya kujifunga.

Kwa mdogo wako, yako mambo mawili ya kumsaidia siku nyingine akishika kalamu. Akigawa karatasi zake, ya kata kwa chama kimoja na ya orodha kwa kingine, kila chama kinapata nusu ya sauti yake katika hesabu kubwa. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu wanamjua diwani wao na ni mchapakazi ingawa chama chake hawakitaki. Akimpa kura ya kata mgombea binafsi, kura hiyo inamsaidia mgombea huyo tu na haiingii katika mgao wa vyama. La pili ni kuhusu chaguzi ndogo. Diwani wa orodha akifa au akijiuzulu, chama hujaza nafasi kwa jina kutoka orodha yake, hakuna kura. Diwani wa kata akiondoka, wakazi wa kata huchagua tena, na matokeo hayo hayafungui upya hesabu ya orodha. Chama kinachopokonya kata katika uchaguzi mdogo kinaongeza kiti kizima bila kupunguziwa kingine. Katika baraza ambalo meya husimama au huanguka kwa kura chache, uchaguzi wa kata moja siku ya kazi, wenye watu wachache vituoni, unaweza kuwa na uzito kuliko mdogo wako anavyodhani. Akisikia umetangazwa kwenye kata yake, aende.